Mwacheni mzee akimbize vifaru: namtetea John Wayne wa Hatari!

Haya wadau, leo tuweke pembeni notisi za semina. Wapenzi wa filamu za zamani wanabishana hadi leo: Hatari! ya mwaka 1962 ni filamu ya maana, au ni steringi anayezeeka mbele ya kamera? Mimi niko upande wa mzee.

Kwa wasiojua, ilipigwa hapahapa kwetu, Momella chini ya Mlima Meru na Arusha mjini, kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi mapema 1961. Mwongozaji ni Howard Hawks. Wayne ni Sean Mercer, bosi wa kundi la kukamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama.

Wanaoiponda wanasema ni Rio Bravo (1959) iliyohamishiwa Afrika. Ni kweli: Hawks yuleyule, Wayne yuleyule, na mwanamke mgeni anayevuruga kundi la wanaume. Wanasema pia mzee amepitiliza. Wayne alizaliwa 1907, Elsa Martinelli anayempenda kwenye filamu alizaliwa 1935. Jamani, miaka 28!

Lakini angalieni vizuri. Hawks aliwataka waigizaji wakamate wanyama wenyewe, kwa hiyo yule mtu wa miaka 53 aliyekaa mbele ya gari na fimbo ya kitanzi, kifaru akiwa pembeni, ni Wayne kweli. Halafu mtu huyohuyo anaogopa kupenda, na mwisho anazunguka mitaa ya Arusha na watoto wa tembo akimtafuta mwanamke aliyemkimbia. Steringi gani wa zama zile alikubali kuchekwa hivyo? Huo ndio uzee wenyewe: mwili bado unathubutu, moyo ndio unasitasita.

Kuna hoja moja sina ubishi nayo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, jirani kabisa na Momella, ili ardhi wapewe walowezi. Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa kuwasemea mwaka 1952. Miaka kumi haijaisha, kamera zinafika, na kwenye filamu nzima hakuna dalili ya kesi ile. Wenyeji ni wasaidizi na mapambo tu. Hilo silitetei.

Ila hapo ndipo uzee wa Mercer unapopata maana kwa mwanafunzi wa historia. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961. Filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema 1962, dunia ya mzungu bosi wa mbuga ilikuwa imeshapigiwa kengele. Sidhani Hawks alikusudia, lakini alitupigia picha ya mtu ambaye zama zake zinaisha na yeye hajui. Steringi kijana asingeweza kutuonyesha hilo.

Kwa hiyo itazameni na macho yote mawili: moja kwa mzee, lingine kwa wale waliosimama nyuma yake bila kupewa majina.

Nawakilisha.