Nishati tuli na nishati mwendo (ufundishaji kwa vielelezo)

Ufundishaji wa nishati kwa vielelezo humtaka mwanafunzi ajenge chombo, kisha akipime. Nishati tuli ni ile iliyohifadhiwa na kitu kutokana na mahali au hali yake. Nishati mwendo ni ya kitu kinachosogea.

Katika mahali kama Kibaoni, kata ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, vifaa havihitaji duka: manati, mipira ya tyubu, gololi na mwanzi uliopasuliwa vyatosha. Chupa ya maji yenye kilo 0.5 ikiinuliwa mita 2 huhifadhi takriban jouli 9.8; ikiachiwa, hufika chini kwa kasi ya karibu mita 6.3 kwa sekunde. Gololi inayobingirika mwanzini hufika polepole zaidi kuliko hesabu hiyo inavyodai, na hapo ndipo somo linapokolea, kwa kuwa sehemu ya nishati imekwenda kwenye mzunguko na msuguano. Mwalimu asiifiche tofauti hiyo.

Fizikia ya sekondari Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kielelezo humwezesha mwanafunzi kuona jambo lenyewe kabla ya kukariri fomula kwa lugha hiyo, faida kubwa mno kwa anayeanza kidato cha kwanza. Kwa usalama, manati yatumiwe kwenye uwanja mtupu.