Kupatwa kwa Jua mjini Rujewa (2016)

Kupatwa kwa Jua mjini Rujewa ni tukio la kifalaki lililoonekana tarehe 1 Septemba 2016 katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kusini mwa Tanzania. Siku hiyo Mwezi ulipita mbele ya Jua na kuliziba katikati, ukaacha duara jembamba la mwanga likizunguka umbo jeusi la Mwezi. Kupatwa kwa namna hii huitwa kupatwa kipete, kwa sababu sehemu ya Jua inayobaki huonekana kama pete.

Rujewa ni mji mdogo ulio makao makuu ya wilaya, katika tambarare ya Usangu inayojulikana kwa kilimo cha mpunga. Kwa kuwa ulikuwa ndani ya ukanda mwembamba wa kipete, ulipokea watu wengi waliokusanyika kutazama: wakazi wa wilaya, wanafunzi na walimu wao, wataalamu, waandishi wa habari, pamoja na wageni kutoka sehemu nyingine za nchi na kutoka nje.

Njia ya kivuli

Kivuli cha Mwezi kilianzia katika Bahari ya Atlantiki, kikapita Gabon, Jamhuri ya Kongo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji, Madagaska na kisiwa cha Réunion, kisha kikaishia katika Bahari ya Hindi. Upana wa ukanda wa kipete ulikuwa takriban km 100 tu. Nje ya ukanda huo, sehemu kubwa ya Afrika iliona Jua likipatwa kisehemu.

Nchini Tanzania ukanda huo uliingia kutoka upande wa Ziwa Tanganyika na kuelekea kusini-mashariki. Ulipita Mbarali na eneo la Makambako, ukaendelea hadi mpaka wa Msumbiji. Kilele cha kupatwa huku kwa dunia nzima kilitokea pia juu ya ardhi ya kusini mwa Tanzania, saa sita na dakika saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Hapo pete ilidumu dakika 3 na sekunde 6.

Kwa sababu ya wembamba wa ukanda, umbali mdogo ulileta tofauti kubwa. Jiji la Mbeya lilikuwa nje kidogo ya ukanda kwa upande wa kusini-magharibi, na mji wa Iringa ulikuwa nje kwa upande wa kaskazini. Wakazi wa miji hiyo miwili waliona Jua likimegwa hadi kubaki umbo la hilali, lakini hawakuona pete. Aliyetaka kuiona kutoka Mbeya alipaswa kusafiri kuelekea Mbarali, katika barabara kuu iendayo Makambako na Iringa.

Jinsi tukio lilivyoendelea

Mjini Rujewa Mwezi ulianza kugusa ukingo wa Jua baada ya saa nne asubuhi. Kwa zaidi ya saa moja na nusu Jua lilizidi kumegwa, na dakika chache kabla ya saa sita mchana pete ilikamilika. Ilidumu takriban dakika tatu. Kisha Mwezi uliendelea kuondoka polepole, na Jua likarudi katika umbo lake kamili kabla ya saa nane mchana.

Wakati wa kilele, Mwezi ulifunika takriban asilimia 95 ya uso wa Jua. Hata hivyo usiku haukuingia. Asilimia 5 iliyobaki ilitosha kuangaza mchana, ingawa mwanga ulififia na kuwa tofauti na ule wa mawingu au wa jioni. Jambo hili lilihitaji kuelezwa mapema, kwa sababu wengi wanaposikia kwamba Jua litapatwa hutarajia giza. Giza huja wakati wa kupatwa kikamilifu pekee.

Sababu ya kutokea kwa pete

Jua ni kubwa kuliko Mwezi takriban mara 400 kwa kipenyo, lakini pia liko mbali nasi takriban mara 400 zaidi. Kwa hiyo angani huonekana kama yana ukubwa unaokaribiana. Umbali wa Mwezi kutoka Dunia haubaki uleule: hubadilika kati ya takriban km 357,000 na km 406,000. Ukiwa karibu, Mwezi waweza kuliziba Jua lote. Ukiwa mbali zaidi, huonekana mdogo kuliko Jua, na ukipita katikati yake ukingo wa Jua hubaki wazi pande zote.

Kupatwa kwa Jua hutokea wakati wa Mwezi mwandamo pekee, yaani Mwezi unapokuwa kati ya Dunia na Jua. Hakutokei kila mwezi kwa sababu njia ya Mwezi imeinama kidogo, takriban nyuzi 5, ikilinganishwa na njia ya Dunia. Mara nyingi kivuli chake hupita juu au chini ya Dunia bila kuigusa.

Tukio la 2016 ni sehemu ya mfululizo unaojirudia kila baada ya miaka 18, siku 11 na takriban saa 8. Saa hizo 8 huipa Dunia nafasi ya kuzunguka theluthi moja zaidi, ndiyo maana kivuli hakirudi mahali palepale. Kupatwa kulikotangulia katika mfululizo huu, tarehe 22 Agosti 1998, kulionekana Asia ya Kusini-Mashariki. Kutakakofuata, tarehe 12 Septemba 2034, kutaonekana Amerika Kusini. Kwa wastani, mahali pamoja duniani hupita zaidi ya miaka 200 kati ya kupatwa kipete kumoja na kwingine.

Maandalizi na usalama wa macho

Kabla ya tukio, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa kwa umma, na wanasayansi walieleza jambo hilo katika vyombo vya habari. Miongoni mwao alikuwa Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, anayejulikana kwa kuelimisha umma kuhusu falaki.

Suala kubwa lilikuwa namna ya kutazama bila kujidhuru. Katika kupatwa kipete hakuna hata sekunde moja ambayo ni salama kulitazama Jua kwa macho matupu. Mwanga wa pete ni mdogo kwa jumla, lakini kila sehemu yake inang'aa sawa na Jua la kila siku. Hatari huongezeka kwa sababu jicho halishtuki kama kawaida, na mtu anaweza kukodoa muda mrefu. Retina haina hisia ya maumivu, hivyo inaweza kuungua bila mtazamaji kujua hadi saa kadhaa baadaye.

Njia salama ni hizi:
- miwani maalumu ya kutazamia Jua, ambayo haijachanika wala kukwaruzwa;
- kioo cha kuchomelea vyuma cha namba 14;
- darubini iliyofungwa kichujio cha Jua upande wa mbele, si upande wa jicho;
- karatasi ngumu yenye tundu la sindano, inayoangushia taswira ya Jua kwenye karatasi nyingine. Mtazamaji hulipa Jua mgongo na kuangalia taswira, hachungulii kupitia tundu.

Miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei, kioo kilichopakwa masizi na taswira ya Jua ndani ya beseni la maji si salama, ingawa vimekuwa vikitumiwa na watu wengi. Kwa asiye na kifaa chochote, kivuli cha mti kinatosha: nafasi ndogo kati ya majani hufanya kazi kama matundu ya sindano, na wakati wa kupatwa kipete ardhi hujaa picha ndogo za pete.

Imani na desturi

Neno la Kiswahili "kupatwa" lenyewe linadokeza kwamba Jua limefikwa na jambo. Katika jamii nyingi za Afrika na kwingineko tukio hili lilihusishwa na hofu au bishara. Waislamu wana sala maalumu inayosaliwa wakati wa kupatwa kwa Jua au Mwezi. Uwezo wa kutangaza mapema siku, saa na mahali pa tukio, na likatokea kama lilivyotangazwa, ni mojawapo ya njia zilizo wazi zaidi za kuonyesha umma jinsi hesabu za falaki zinavyofanya kazi.

Utazamaji wa anga katika Nyanda za Juu za Kusini

Tukio la Rujewa liliangukia majira ya kiangazi, ambayo katika Nyanda za Juu za Kusini huanza takriban Mei na kuendelea hadi Oktoba. Huu ndio wakati bora wa kutazama anga la usiku pia. Mawingu ni machache, na vijiji vingi viko mbali na taa za miji. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mbeya kinazidi mita 2,800. Katika mwinuko huo hewa ni nyembamba, lakini usiku wa Juni na Julai una baridi kali.

Kwa kuwa eneo hili liko kati ya takriban nyuzi 7 na 10 kusini mwa ikweta, nyota za kusini na nyingi za kaskazini huonekana. Katika usiku wa kiangazi kundinyota la Nge hupanda juu sana, pamoja na sehemu angavu zaidi ya Njia Nyeupe. Salibu huonekana upande wa kusini. Kilimia, ambacho jina lake linatokana na kulima, huonekana vizuri jioni katika miezi ya mvua.

Kivutio kingine cha kifalaki ni Kimondo cha Mbozi katika kijiji cha Ndolezi, Mkoa wa Songwe, ambao ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi 2016. Ni jiwe la anga la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban mita 3 na uzani unaokadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Lilijulikana kwa wanasayansi mwaka 1930, na huvutia wanafunzi na watalii.

Matukio mengine ya kupatwa

Tarehe 3 Novemba 2013 Jua lilipatwa kikamilifu kaskazini mwa Uganda na Kenya, na kisehemu nchini Tanzania. Tarehe 27 Julai 2018 na 7 Septemba 2025 Mwezi ulipatwa kikamilifu na kuonekana Afrika Mashariki. Kupatwa kwa Mwezi hutazamwa kwa macho matupu bila hatari yoyote.

Tarehe 21 Mei 2031 ukanda mwingine wa kipete utapita Tanzania, ukitokea Angola na Zambia kuelekea Bahari ya Hindi na India. Kama ilivyokuwa mwaka 2016, watakaoona pete ni wale tu watakaokuwa ndani ya ukanda.

Tazama pia

- Kupatwa kwa Mwezi
- Kimondo cha Mbozi
- Wilaya ya Mbarali
- Nyanda za Juu za Kusini