Amoksilini

Amoksilini ni dawa ya antibiotiki ya jamii ya penisilini. Hutumika kutibu magonjwa yanayoletwa na bakteria, kama vile nimonia, maambukizi ya sikio la kati, jipu la jino na baadhi ya maambukizi ya koo. Ilitengenezwa na watafiti wa kampuni ya Beecham nchini Uingereza, ikaanza kutumika mwaka 1972. Imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nchini Tanzania ni dawa ya cheti, ingawa wengi huinunua kama wanavyonunua dawa ya kichwa.

Utendaji

Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta. Amoksilini huzuia ujenzi wa ukuta huo, na bakteria anayekua hupasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo. Virusi navyo havina, ndiyo maana dawa hii haitibu mafua. Wala haitibu malaria. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mwenye homa anatakiwa kupimwa kwanza, si kubahatisha kwa antibiotiki.

Dozi

Kiasi cha dawa hupangwa na mtaalamu wa afya kulingana na ugonjwa, umri, uzito na hali ya figo. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa kwa kifupi. Kwa mfano, "1 x 3" kwa siku 5 ni kidonge 1 mara 3 kwa siku, yaani vidonge 15. Wengi huelewa "asubuhi, mchana na jioni", wakameza vyote kati ya saa 1 asubuhi na saa 12 jioni. Maana yake hasa ni kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Amoksilini hutoka mwilini upesi kwa njia ya mkojo, na pengo refu la usiku huwapa bakteria nafasi. Inaweza kumezwa kabla au baada ya chakula. Aliyesahau ameze anapokumbuka, lakini kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, aruke kile cha nyuma. Asimeze viwili pamoja.

Kwa watoto kuna vidonge vya kuyeyusha katika maji kidogo safi, na dawa ya unga ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi alama iliyo kwenye chupa. Chupa hutikiswa kila mara, na dawa hupimwa kwa kipimo chake, kwa kuwa vijiko vya chai havilingani. Ikishachanganywa haikai muda mrefu. Siku zake huandikwa kwenye lebo.

Mzio na madhara

Kuharisha kidogo na kichefuchefu ni kawaida. Hatari kubwa ni mzio wa penisilini: vipele vinavyowasha, kuvimba midomo au ulimi, kupumua kwa shida. Hapo dawa huachwa na mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja. Aliyewahi kupata mzio huo aseme kabla ya kuandikiwa dawa. Wajawazito na wanaonyonyesha wanaweza kuitumia kwa ushauri wa mtaalamu.

Upatikanaji na matumizi mabaya

Katika maeneo ya vijijini kama Mkula, mkoani Simiyu, dawa hupatikana pia katika Maduka ya Dawa Muhimu, mpango ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003. Maduka hayo yanaruhusiwa kuuza antibiotiki chache, amoksilini ikiwemo.

Aliyepungukiwa fedha mara nyingi hununua nusu dozi, au hubakiza vidonge vya kumpa mtoto siku nyingine. Bakteria walio sugu zaidi huweza kubaki na kuongezeka. Tatizo hilo huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa (UVIDA). Kisera, watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, hivyo ni afadhali kuanzia huko kuliko kununua vidonge vya kuhesabu.

Jina la mitaani "rangi mbili" nalo hupotosha. Tetrasaiklini na ampisilini pia huwa katika vidonge vya rangi mbili, na rangi haitambulishi dawa. Wengine hufungua kidonge na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Amoksilini ya kumeza haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni.