Hewa Ghalani, Mgodini na Katika Nyumba ya Uyoga: Historia Fupi na Shauri la Kuchagua Feni



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu mtasoma habari za pamba, za mizani na za bei, kama ipasavyo. Mimi nimepewa kurasa chache nieleze habari za kitu ambacho hakionekani kwa macho wala hakipimwi katika mizani zetu, nacho ni hewa.

Sababu yenyewe ni hii. Baadhi ya vyama vyetu vya msingi vimeanza kuotesha uyoga ndani ya nyumba, kwa kutumia maganda ya mbegu za pamba na mabua ya mpunga, vitu ambavyo zamani vilitupwa. Katika mikutano limezuka swali: tununue feni za namna gani, na ngapi, ili nyumba hizo zisizidiwe na joto? Fedha itakayonunua feni hizo ni makato ya kila kilo ya pamba, yaani jasho la mkulima. Haifai basi kuchagua kwa kutazama ukubwa wa feni, wala kwa kusikiliza sifa za mwenye duka peke yake. Historia ya kupitisha hewa ni ndefu, na sehemu yake imepita hapa hapa kwetu, Shinyanga na Geita. Nitajaribu kuonyesha ya kwamba historia hiyo yafundisha neno moja: njia ya hewa hutangulia, feni hufuata.

KIHENGE NA GHALA

Wazee wetu hawakuwa na feni, lakini hawakuwa wajinga wa hewa. Kihenge cha nafaka kilisukwa kwa fito, kikainuliwa juu ya mawe au magogo, kikafunikwa kwa nyasi zenye upenu mpana. Watu wengi husema ya kuwa kiliinuliwa kwa ajili ya panya na unyevu wa ardhi, na ni kweli. Lakini kwa kuinuliwa vile upepo ulipita chini yake, na upenu ule ulikizuia kisichomwe na jua. Nafaka isiyokauka vema hutoa joto yenyewe, na joto lisipopata pa kutokea huzaa ukungu.

Pamba nayo ina tabia hiyo. Ikivunwa na umande na kushindiliwa ghalani, hupata joto katikati ya lundo na rangi yake huharibika, na daraja lake hushuka. Zamani, mkulima alipokwisha kuuza pamba yake kwa mfanya biashara, ugomvi wake ulikuwa juu ya mizani tu. Ndiyo sababu ushirika wa pamba katika Jimbo la Ziwa ulitanguliwa na kazi ya wapima wa wakulima wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, na kabla ya miaka mingi kupita biashara ya pamba ya jimbo zima ilikuwa mikononi mwa ushirika. Tangu hapo ghala likawa letu, na joto la ghalani likawa hasara yetu sisi wenyewe. Tulipopokea faida tulipokea na wajibu wa hewa.

MAFUNZO YA MIGODI

Lakini waliosumbuliwa na hewa kuliko watu wote ni wachimba migodi. Mwaka 1556 kilichapishwa mjini Basel kitabu cha Mjerumani Georgius Agricola juu ya kazi ya madini, naye ndani yake alionyesha kwa picha namna za kupeleka hewa shimoni: mivuo kama ya wahunzi, mapanga yaliyozungushwa kwa mkono au kwa nguvu ya maji, na vyombo vya kukinga upepo na kuuelekeza chini.

Funzo kubwa zaidi lilipatikana kwa msiba. Katika mgodi wa makaa ya mawe wa Hartley, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na shimo moja tu la kuingilia na kutokea. Tarehe 16 Januari 1862 boriti kubwa ya chuma ya mtambo wa kuvuta maji ilivunjika, ikaanguka ndani na kuliziba shimo hilo. Watu 204 walikufa. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kwamba mgodi uwe na njia mbili. Tangu hapo mwenye mgodi hakuweza kuhesabu mtambo wake kwanza na njia baadaye.

Katika nchi yetu mgodi wa Geita wa enzi ya ukoloni ulizalisha dhahabu tangu mwaka 1936 hata ukafungwa mwaka 1966. Mgodi wa sasa wa Geita ulianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, na baadaye ukaingia chini ya ardhi. Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, huchimbwa chini kwa chini, na mgodi wa namna hiyo hauwezi kufanya kazi hata zamu moja bila mafeni makubwa. Wachimbaji wadogo nao, katika maduara yao, hupeleka hewa kwa feni ya umeme au ya jenereta na mrija mrefu wa plastiki. Wengi wao ni ndugu zetu na watoto wetu. Msimu wa kilimo wako shambani, na ukiisha wako shimoni.

Mwezi wa Oktoba 2015 shimo liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama. Baada ya siku 41 wakatolewa watu watano wakiwa hai. Nchi nzima ilistaajabu jinsi walivyoishi kwa mizizi na wadudu. Mimi nastaajabia jambo jingine. Mtu hustahimili njaa siku nyingi, lakini bila hewa hamalizi hata robo saa. Basi katika kifusi kile hewa ilikuwa imejipatia njia. Hapakuwa na feni iliyowaokoa; walihifadhiwa na upenyo.

FENI ZILIVYOKUJA

Katika miaka ya 1730 mtaalamu John Desaguliers alitengeneza gurudumu la mapanga la kupitisha hewa katika Bunge la Uingereza, likizungushwa na mtu kwa mkono. Mwaka 1743 Mchungaji Stephen Hales alichapisha kitabu juu ya mitambo yake ya kupuliza hewa katika meli, magereza na maghala ya nafaka. Yafaa tukumbuke ya kwamba ghala la mkulima lilikuwamo katika hesabu tangu mwanzo.

Katika miaka ya 1860 yalienea migodini mafeni ya Théophile Guibal, mwalimu wa uhandisi mjini Mons, Ubelgiji. Yeye aliifunika feni kwa gamba na kuitengenezea njia ya kutolea hewa iliyopanuka kidogo kidogo. Feni isiyo na gamba huipiga hewa ile ile ikazunguka mahali pamoja. Feni ya Guibal iliishika hewa na kuisukuma ilikotakiwa. Feni za umeme zikafuata katika miaka ya 1880.

Leo dukani tutakuta jamaa tatu. Ya kwanza ni pangaboi la darini. Hilo huvuruga hewa iliyomo chumbani, haliingizi mpya wala halitoi chafu. Humfariji mtu mwenye jasho, lakini uyoga hauna jasho. Ya pili ni feni ya mapanga ifungwayo ukutani. Hii hutoa hewa nyingi kwa umeme mdogo, mradi mbele yake pasiwe na kizuizi kikubwa. Ya tatu ni ile yenye gamba mfano wa konokono. Hii husukuma kwa nguvu hata katika mrija mrefu au chujio zito, ndiyo sababu yawafaa wenye maduara. Lakini hula umeme zaidi na bei yake ni kubwa. Kwa nyumba ya uyoga yenye ukuta ulio wazi kwa nje, ile ya pili yatosha. Kununua ya tatu bila mrija ni kununua ng'ombe wa kulima ukamfuge kwa samadi.

HESABU YA NYUMBA YA UYOGA

Uyoga wa mamama hupenda ubaridi wa wastani na unyevu mwingi. Nao hupumua kama sisi: hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ikizidi chumbani mashina hurefuka na vichwa hubaki vidogo, wala mnunuzi hautaki. Kwa hiyo feni ina kazi mbili, kuondoa hewa chafu na kuondoa joto. Kazi ya kwanza ni ndogo. Ya pili ndiyo imalizayo fedha.

Hesabu yake si ngumu. Katika nyanda zetu, ambazo ziko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 1,000, hewa ni nyepesi: meta moja ya ujazo ina uzito wa kama kilo 1, na pwani ni karibu kilo 1.2. Kwa hiyo kwetu kilowati 1 ya joto huzidisha joto la meta moja ya ujazo ya hewa, ipitayo kwa sekunde moja, kwa digrii 1 hivi. Feni iliyosifiwa Dar es Salaam itabeba joto pungufu kidogo ikifika Kahama.

Tuchukue chumba cha meta 6 kwa 4, chenye urefu wa meta 2.5 kwenda juu, yaani meta za ujazo 60. Tuseme kimeezekwa kwa mabati matupu, na saa nane mchana jua linaingiza joto la kilowati 2. Tukitaka ndani pasizidi nje kwa zaidi ya digrii 3, twahitaji theluthi mbili za meta ya ujazo kwa sekunde, yaani meta za ujazo 2,400 kwa saa. Hewa yote ya chumba itabadilishwa mara 40 kwa saa, na upepo wa namna hiyo utaukausha uyoga kama dagaa juu ya mwamba.

Sasa chumba hicho hicho kiezekwe kwa nyasi nene na kiwekwe kivulini. Tuseme joto limeshuka hata nusu kilowati. Feni itakiwayo ni ya meta za ujazo 600 kwa saa tu, robo ya ile ya kwanza. Nyasi za wazee zimefanya kazi ya feni tatu. Wenzetu waliohifadhi ngitili zao, hasa tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, wanajua thamani ya kivuli. Na hapa kivuli kina hesabu yake katika bili ya umeme.

Jambo jingine ni mwendo. Feni ikiongezwa mwendo mara mbili hutoa hewa mara mbili, lakini hudai nguvu mara nane. Kwa hiyo feni mbili zizungukazo polepole, kila moja na tundu lake, hutoa hewa sawa na moja ya namna hiyo hiyo izungukayo kwa mbio, kwa umeme kidogo zaidi. Tena moja ikiharibika, ya pili hubaki.

Mwisho, feni haiwezi kamwe kukifanya chumba kiwe baridi kuliko hewa iingiayo. Mwezi wa Septemba na Oktoba hewa ya nje yenyewe ni moto. Dawa yake ni maji: magunia ya katani yatundikwe mbele ya matundu ya kuingizia hewa na kuloweshwa. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, hivyo maji hukauka upesi na kuondoka na joto, na uyoga hupata unyevu wake. Wakati wa masika dawa hii hupungua nguvu, lakini na haja yake hupungua.

SHAURI

Kwa hayo yote natoa shauri mbele ya wanachama na viongozi. Chama cha msingi kisipewe feni kabla ya nyumba yake kukaguliwa kwa utaratibu huu. Kwanza, paa na kivuli. Pili, njia mbili: matundu ya kuingizia hewa chini upande mmoja, na ya kutolea juu upande wa pili, yafunguliwe kwa mkono umeme ukatikapo, maana hewa yenye joto hupanda yenyewe. Tatu, hesabu ya joto, na juu yake iongezwe robo kwa ajili ya wavu wa kuzuia nzi; kwa mfano wetu 600 huwa 750, na matundu ya kuingizia, kwa kuwa yana wavu, yasipungue theluthi moja ya meta ya mraba. Nne, ndipo feni ichaguliwe, yenye mota iliyofungwa isiingiwe na maji. Tena wavu usuguliwe kila juma, na wafanyakazi wavae barakoa wakati wa kuvuna, maana vumbi la uyoga hudhuru mapafu.

Wako watakaosema utaratibu huu ni mrefu, na ya kuwa vyama vingine vinangoja. Nawajibu kwamba waasisi wa ushirika wa pamba walianza kwa kuhakiki mizani kabla ya kununua hata gari moja. Walijua wanalolipia. Katika miaka kumi ijayo nasi tujue tunalolipia, hata likiwa ni hewa.

Umoja ni nguvu.