Sumu ya panya humfika bundi

Pojo tulazo huku Pwani hulimwa sana Kitui na Makueni, ambako huitwa ndengu. Baada ya mavuno panya huvamia ghala, na mkulima hutega sumu. Nyingine, kama brodifakumu, huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo; huyumbayumba siku kadhaa, mawindo rahisi kwa bundi, mwewe, nguchiro na paka. Amlaye huimeza sumu ile, ikakaa kwenye ini miezi. Paka akiwahishwa kwa daktari wa mifugo, vitamini K yaweza kumwokoa. Bundi hana wa kumpeleka. Naye tunayemfukuza ati ana mkosi ndiye mla panya hodari! Mitego ya chuma itangulie. Sumu ikilazimu, iwekwe kisandukuni chenye tundu dogo, na mizoga izikwe.