Mwaka Ambao Watoto wa Machakos "Hawakuugua"

Wasee, leo hakuna udaku. Leo ni historia, na inaanzia kwa faili la Excel.

Nikiwa atachimenti kwenye kituo kimoja cha afya hapa Machakos, sista aliyekuwa msimamizi alinipa flashi yenye rekodi za 2015 hadi 2018. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kijana wangu, kuhara kwa watoto huwa kunapanda mwezi gani? Nataka kuomba dawa mapema, si baada ya foleni kufika kwa geti."

Nikamwambia, "Sawa sista, saa kumi nitakuwa nimemaliza." Nilimaliza baada ya wiki mbili.

Shida ilikuwa hii. Kila mwezi ulikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa nakala ya fomu ya MOH 705A, ile ya watoto chini ya miaka mitano. Magonjwa yameshuka upande wa kushoto, na huko juu kuna tarehe 1 hadi 31. Kwa macho, iko poa kabisa. Lakini ukiiambia Excel ichore grafu ya miaka minne kutoka kurasa 48, inakuangalia tu.

Hiyo fomu ilitengenezewa kalamu. Muuguzi anahesabu, anajaza kisanduku cha leo, kesho anasonga kimoja kulia. Kompyuta zilipofika ofisini, tulichukua ile karatasi na kuichora tena kwa skrini, tukadhani tumekuwa dijitali.

Dawa yake si mpya. Mwaka 1970, Edgar Codd wa IBM aliandika makala iliyoeleza data ikae kwenye majedwali sahili, ili mtu aulize swali bila kujua mashine imeifichaje. Kwangu ilimaanisha safu nne tu: kituo, tarehe, ugonjwa, idadi. Mstari mmoja, habari moja. Tarehe inatoka kuwa kichwa na inakuwa data. Kuhara peke yake, mwaka mzima, ni mistari 365. Inachosha kuisoma, lakini sasa unaweza kuipanga, kuichuja na kuijumlisha utakavyo. Power Query, ambayo imo ndani ya Excel tangu 2016, inageuza hizo safu 31 kuwa mistari kwa dakika chache. Mimi sikujua, nikawa nakopi na kubandika kama mtu anayelipwa kwa kila kliki.

Kumbe nchi nzima ilishapitia njia hiyo. Kabla ya 2011, takwimu za afya kutoka wilayani zilikuwa zikitumwa Nairobi kwa faili za Excel. Mwaka huo Kenya ikaingia DHIS2, mfumo unaotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994. Huko, ubaguzi ulikuwa umegawanya hata idara za afya kwa rangi, na takwimu zao hazingejumlishika. Kilichonishika ni hiki: kwa skrini ya DHIS2 bado unaona fomu uliyoizoea, lakini chini yake kila kisanduku kinahifadhiwa kama mstari wake: nini, wapi, lini, ngapi. Fomu imebaki ya binadamu, na jedwali ni la swali.

Hata hiyo "wapi" ina historia yake. Takwimu za zamani zikisema "Machakos", zinabeba na Makueni, kwa sababu wilaya hizo zilitenganishwa 1992. Ukilinganisha bila kujua hilo, utadhani watu wamehama.

Sasa kosa langu. Nilipokuta visanduku vitupu, nilijaza sifuri zote, nikasema jedwali lipendeze. Grafu ikatoka safi. Kuanzia Juni hadi Oktoba 2017, hakuna mtoto hata mmoja aliyehara. Nikampelekea sista nikiwa nimejaa kifua.

Aliiangalia, akanyamaza kidogo. "Hiyo miezi wauguzi tulikuwa kwa mgomo," akasema. "Watoto waliugua. Sisi ndio hatukuwepo kuwahesabu."

Manze, niliona aibu. Mgomo wa wauguzi ulishika nchi nzima karibu miezi mitano, na mimi kwa kliki moja nilikuwa nimeufanya uwe msimu wenye afya kuliko yote. Sifuri inasema "tuliangalia, hakuna mgonjwa". Kisanduku kitupu kinasema "hakuna aliyeangalia". Nikarudi nikaondoa sifuri zangu, nikaacha pengo lionekane, na nikaongeza safu ya tano: ripoti ililetwa, ndiyo au hapana.

Grafu ya pili haikuwa nzuri sana machoni, lakini ilijibu. Katika miaka mitatu iliyokuwa na rekodi kamili, kuhara kulipanda Novemba, mvua zikianza. Sista akaandika barua yake ya kuomba dawa mwezi Septemba.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Wale mnaoshikilia Excel ya chama, ya kanisa, ya basari ya wadi, achaneni na rangi na visanduku vilivyounganishwa kwanza. Ulizeni: mtu akija na swali ambalo hatukulitarajia, faili hili litamjibu? Na pale ambapo hamkuhesabu, acheni patupu.