Uzi: Hisa ya babu haikuwa shamba

Kila kampeni ikianza, mtu hupanda jukwaani akaahidi hatimiliki kwa wanachama wa kampuni za kununua mashamba. Huku mtandaoni tunaanza kutukanana kuhusu nani aliiba. Wizi ulikuwepo, sikatai. Lakini turudi nyuma kidogo.

Walowezi walipouza mashamba miaka ya 60, mzee mmoja hangeweza kununua mamia ya ekari peke yake. Watu wakachanga. Kuna waliosajili ushirika, kuna waliosajili kampuni, na wengi waliona ni kitu kimoja.

Wapi! Kwenye ushirika, mwanachama ana kura moja, awe na hisa 1 au 100. Kwenye kampuni, kura kwa kawaida hufuata hisa, kwa hivyo wenye pesa ndio huchagua wakurugenzi. Halafu kuna hili lililotuumiza zaidi: kisheria kampuni ni mtu kivyake. Mahakama ya Uingereza ililisema mwaka 1896 katika kesi ya Salomon, na sheria yetu ya kampuni tuliirithi kutoka kwao. Shamba ni la kampuni. Wewe una hisa tu.

Babu yangu alikunja cheti chake cha hisa akakiweka ndani ya Biblia. Akalima miaka yote akiamini hiyo ndiyo hati. Alipofariki tulikuta hati kubwa bado iko kwa jina la kampuni, wakurugenzi wawili wamekufa, na wa tatu anazozana kortini na watoto wao. Mipaka tuliyoijua ilikuwa ya vigingi tu. Tangu sheria ya 1967, kugawa shamba la kilimo bila idhini ya bodi ya ardhi ni bure.

Miaka ya 80 serikali iliagiza kampuni hizi zigawe ardhi na zivunjwe. Yetu haikuvunjwa.

Sasa chama chetu (cha kuchanga, si cha siasa) cha watu 12 kinataka ploti. Wenzangu wanataka kampuni kwa sababu kuisajili ni rahisi. Mimi nataka majina yetu yote kwenye hati, kila mtu na fungu lake limeandikwa, sheria ya 2012 inaruhusu. Wanasema siku ya kuuza tutasumbuana kutafuta sahihi 12. Ni kweli. Kama ni kampuni basi, nimewaambia tarehe ya kugawa hati iandikwe kabla hatujatoa hata shilingi. Jumapili tunakutana tena.